Sauti Tatu na Kidole cha Mama

"Kilicheza!"

"Hakikucheza. Alitua nzi."

"Nzi gani, dada? Kidole kimefunikwa shuka, nzi alipitia wapi?"

"Alifuata harufu ya muziki wako. Nzi hujua kilichooza kilipo hata ukikifungia kabatini."

Bi Lehemu alisema hayo bila kuinua macho. Alikuwa ameshika chuma cha kulehemu, moshi mwembamba ukimpanda puani, na mbele yake redio ya jirani imelala chali tumbo wazi. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kinanda kwa sababu ya kile anachopiga harusini, alisimama mlangoni na tai shingoni. Siku hiyo haikuwa na harusi. Lakini tai ile aliivaa hata akitumwa chumvi.

Kidole walichokigombea kilikuwa cha mama yao. Kidole gumba cha mguu wa kulia.

Mgeni angecheka, lakini katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuuliza kama wimbo ni mzuri au mbaya. Waliangalia kidole, basi. Mama alipokuwa msichana alikuwa akienda dansini anakaa mbele kabisa, kiatu amevua, mguu ameunyoosha, na kidole gumba kikianza kucheza bendi nzima ilipumua. Kisipocheza, watu walianza kutafuta makoti yao. Mpiga tarumbeta mmoja alikitazama kidole kile kwa nyimbo kumi na mbili mfululizo, kimelala kama kuni, akaliweka tarumbeta sakafuni, akaenda kuwa mpaka rangi. Na alipaka vizuri sana, kuta zake zipo mpaka leo. Baba yao naye aliwalea watoto hivyo hivyo: redio ikifunguliwa, macho miguuni. Kidole kikitikisika, baba alisema, "Huo ni muziki." Kikitulia, "Zimeni, betri inaliwa bure."

Sasa baba hayupo, na mama ana miezi sita kitandani. Aliteleza bafuni, nyonga ikapata ufa. Ufa ulishaunga zamani, na daktari alishasema mama atembee. Mama alimtazama daktari kuanzia viatuni kwenda juu, akamuuliza, "Nitembee niende wapi? Huko kuna nini?" Daktari alifikiri kidogo, akaandika vidonge.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa chumba. Nyumba ilikuwa ya mama, na chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani, ndimo Bi Lehemu alimotengenezea redio miaka thelathini. Kinanda alikitaka. Alitaka kubandika trei za mayai ukutani, aweke kipaza sauti katikati, akiite studio. Dada ahamie kwenye kibanda nyuma ya jiko, ambako hakuna umeme. Wakabishana wiki mbili, mpaka mama akapaza sauti kutoka chumbani kwake: "Chumba atakaa atakayekichezesha kidole changu. Jumamosi mchana. Sasa nyamazeni, mnanitia vumbi masikioni."

Na huyo mama akisema, amesema.

Ndiyo maana siku ile ya Ijumaa Kinanda alikuja mbio kutangaza kwamba amefanya mazoezi ukumbini, akachungulia mlangoni kwa mama, akaona kidole kikicheza.

"Basi hata Jumamosi haina haja," alisema. "Anza kufungasha."

"Mwulize mkeo. Yeye ndiye shahidi."

Mke wa Kinanda alikuwa akipita na beseni la nguo. Wote wawili walikuwa wamekubaliana kwamba Jumamosi yeye ndiye atakayekaa miguuni pa mama atangaze matokeo. Waliamini hatapendelea, kwa kuwa aliwadharau wote wawili sawasawa.

"Wifi," alisema Bi Lehemu, "kilicheza au hakikucheza?"

"Mama alikuwa anajikuna," alijibu wifi, akaenda zake na beseni.

Kinanda akairekebisha tai. "Kesho utaona. Chombo changu kina sauti mia tano, dada. Mia tano! Violini ninayo, kengele ninayo, mvua ninayo. Wewe na kimashine chako mna ngapi? Tatu. Hata paka ana zaidi."

"Paka akilia usiku mtaa mzima unaamka. Wewe ukipiga wanalala."

*

Huyo Bi Lehemu hakuzaliwa fundi. Aliolewa na fundi. Mumewe alikuwa na mikono ya dhahabu na macho ya kutangatanga, na siku moja mteja mmoja wa kike alileta redio yenye kukoroma, na redio ilipopona, mwanamume akaisindikiza nyumbani kwa mwenyewe, asirudi. Aliacha chuma cha kulehemu bado kimoto. Bi Lehemu akakishika kabla hakijapoa, akamalizia kazi iliyokuwa mezani. Watu waliokuja kumpa pole wakaambiwa, "Pole ya nini? Kaniachia cha maana."

Akajifunza kwa kufungua na kunusa. Ilifika mahali anasimama dirishani, mtu anapita na redio kwapani, na yeye anamwita, "We kaka, njoo, ya kwako imeungua upande wa kushoto." Hakukosea. Kila redio aliyoitengeneza aliijaribu kwa kuisikiliza siku nzima, na hivyo, kwa miaka thelathini, alisikia kila wimbo uliopigwa duniani, na karibu zote akazidharau. Mwimbaji akianza kulia lia, Bi Lehemu huiambia spika, "Kwani umekanyagwa?" Wimbo ukianza na ngoma kumi kwa mpigo, husema, "Mgeni hajakaa mshaleta vyombo vyote."

Kile kimashine chake kilimjia hivi. Karani mmoja alikileta, kompyuta ya zamani ya nyumbani, ile ya aina ambayo ni kibodi tupu na kila kitu kimo humo ndani, rangi yake kama meno ya mvuta tumbaku. Unaichomeka kwenye televisheni, na kumbukumbu zake zinakaa kwenye kaseti. Karani akasema, "Nitaipitia Jumatano." Jumatano hiyo haijafika mpaka leo. Bi Lehemu alingoja mwaka mzima, kisha akaiwasha aone kama ni nzima, akaweka moja ya kaseti za karani. Kaseti ikapiga kelele dakika kumi, kama paka kumi kwenye gunia la misumari. Kisha ikanyamaza. Kisha muziki ukatoka.

Ulikuwa mkavu, mwembamba, hauna aibu. Sauti tatu tu. Mashine ile haiwezi kutoa ya nne hata ukiipigia magoti. Ya kwanza ikabeba besi, ya pili ikaimba, na ya tatu ilikuwa na kazi ya watu watatu: iliruka juu, kati, chini, juu, kati, chini, haraka kiasi kwamba sikio lilidanganywa likadhani ni kundi zima. Kama mama mwenye paja moja na watoto watatu, anawabadilisha haraka mpaka kila mmoja anaamini ndiye aliyepakatwa. Na ngoma ilipotakiwa? Ngoma haikuwa na nafasi. Basi besi ilinyamaza kufumba na kufumbua, ngoma ikapita palepale mlangoni kwake, shwaa, kama tone la maji kwenye mafuta ya moto, besi ikarudi kana kwamba haikwenda popote.

Bi Lehemu aliketi. Chuma chake kilitoboa meza bila yeye kujua; tundu lipo.

Tangu hapo akawa anatunga. Skrini ilimwonyesha safu tatu za namba zikipanda taratibu, safu moja kwa kila sauti, na yeye aliziandika namba hizo kwanza kwenye daftari la mistari ya mraba, moja moja, kama mtu anayechagua mchele. Nyimbo zake hazikusikiwa na mtu, isipokuwa redio gonjwa zilizosubiri rafuni. Akiulizwa muziki mzuri ni upi, alisema, "Muziki mzuri ni njaa. Mwenye njaa akipewa tonge moja, analijua. Aliyeshiba hucheua, na mdogo wangu anacheua harusini, watu wanapiga makofi."

*

Lakini Ijumaa ile jioni alisikia mazoezi ya Kinanda kupitia ukutani, na kitu kikamwingia ambacho hakukizoea. Violini arobaini zilipanda pamoja. Kwaya ya watu ambao hawajazaliwa ikaitikia. Mvua ikanyesha ndani ya nyumba, bati likiwa kavu. Yote yalikuwa ya kijinga, na yote yalikuwa makubwa.

Bi Lehemu akatazama dirisha lake. Akatazama chuma, rafu, kiti chake cha mbao kilichochongeka kwa makalio yake mwenyewe. Fundi asiye na dirisha la barabarani ni mtu tu aliyekaa na nyaya. Akavuta daftari.

Wimbo wake ulikuwa umekamilika siku nyingi, mwembamba, umenyooka. Yeye akauongeza. Ile sauti ya kuimba akaitia mtetemo, kisha mtetemo juu ya mtetemo. Ile ya kurukaruka akaifanya iruke ngazi sita badala ya tatu. Ngoma akazirundika mpaka besi haikupata pa kusimama. Kila penye upenyo akaweka namba. Alipomaliza, safu zote tatu zilijaa juu mpaka chini, hamna hata mstari mtupu mmoja, na akauhifadhi kwenye kaseti, akaiwekea jina kubwa, yeye ambaye hakuwahi kuandika jina juu ya kaseti maisha yake yote.

*

Jumamosi, saa nane mchana. Kinanda alisimamisha chombo chake chumba cha mbele, akageuza spika zielekee ukumbini, kwenye mlango wa chumba cha mama. Kati ya ukumbi na chumba cha mbele palining'inia pazia. Wifi alishaketi miguuni pa mama na kushona kwake mkononi.

"Tayari huko?" aliita Kinanda.

"Tayari, piga uishe!" alijibu wifi.

Kinanda akainama kidogo kuisalimu meza, akaanza. Violini. Kwaya. Kengele. Akabonyeza kitufe, ngoma zikajipiga zenyewe, naye akanyoosha mikono hewani kuonyesha kwamba hata hazigusi.

"Basi ziache zijipige, na hiyo mikono miwili uende ukalimie," alisema Bi Lehemu.

"Bado!" aliita wifi kutoka ndani.

Kinanda akaongeza filimbi. Akaongeza mvua.

"Bado! Amekivuta kidole ndani ya shuka!"

Akapandisha sauti mpaka vioo vya dirisha vikaanza kuimba naye.

"Anaomba pamba ya masikioni!"

Kinanda akamaliza kwa kishindo cha mwisho, kile ambacho harusini huwafanya watu wasimame, na huko ndani hapakusikika kitu isipokuwa mkasi wa wifi ukikata uzi.

"Spika ziligeuzwa vibaya," alisema.

"Spika ziligeuzwa vizuri. Wimbo ndio ungegeuzwa, ukatazama ukutani kwa aibu."

Zamu ikawa ya Bi Lehemu. Akaweka kaseti. Gunia la paka na misumari likaanza.

"Huo ndio wimbo?" aliuliza Kinanda.

"Hiyo ni kaseti inasoma. Tulia dakika kumi."

"Dakika kumi! Mimi harusini nikiwaweka dakika kumi bibi harusi ananizeekea."

"Nani alikwambia ufanye kazi na watu wasioweza kungoja?"

Kelele ikakoma. Namba zikasimama kwenye skrini, safu tatu zimejaa kama magunia. Bi Lehemu akabonyeza.

Mitetemo ikatetema. Ngazi sita zikarukwa. Ngoma zikaangukiana. Kinanda alikunja uso, akainamisha kichwa upande, na Bi Lehemu aliona kwamba anamwonea huruma.

"Wifi!" aliita. "Vipi huko?"

"Bado! Mama anauliza nani anasaga nyama saa hizi!"

Bi Lehemu hakuwahi kutukanwa vile. Na tusi lenyewe lilikuwa la kweli, ndilo baya zaidi. Akausikiliza wimbo wake kama anavyosikiliza redio ya mtu, akanusa, akajua palipoungua. Pote.

Wifi akaita tena: "Mama anasema kama uwezo wenu ndio huo, basi chumba hapati mtu! Kesho kifungwe, awekewe masanduku yake humo!"

"Umeona?" Kinanda alirusha mikono. "Umeona ulichofanya? Sasa tumekosa wote!"

"Nyamaza."

"Masanduku, dada! Masanduku ya nguo kuukuu yataangalia barabarani, sisi tumekaa nyuma ya jiko!"

"Nimesema nyamaza, nasikiliza uchafu wangu."

Wimbo ulikuwa bado unazunguka, ukifika mwisho unaanza tena. Bi Lehemu akavuta kibodi mapajani, akaanza kufuta. Alifuta kama anayetoa funza, moja moja, uso umekaza. Mtetemo wa pili, nje. Mtetemo wa kwanza, nje. Ngazi tatu za juu, nje. Kila akifuta, wimbo ulipita mzunguko mmoja umepungua.

"Unafanya nini?" alisema Kinanda. "Unavunja na kidogo kilichokuwepo."

"Wewe ungeongeza mvua, si ndiyo?"

Akafuta kuruka kote. Akatazama ile safu ya kuimba, ambayo aliipenda kuliko zote na aliitunga akiwa bado na meno yote. Akaifuta nayo. Sasa zimebaki safu mbili tupu, na moja yenye besi inatembea. Besi, besi, besi. Kisha pale ngoma inapoingia mlangoni mwa besi, Bi Lehemu aliifuta hata ngoma, asiweke kitu. Pakabaki tundu.

Besi ilitembea hatua tatu, ya nne haikuwepo. Hatua tatu, ya nne haikuwepo.

Kinanda alivumilia mizunguko miwili. Kisha kidole chake kikagonga meza, penye tundu. Ngo.

"Toa mkono."

"Pana tundu hapo, dada."

"Tundu ni langu. Nimelitoboa mwenyewe, usilizibe."

"Linanikera! Mtu mwenye masikio hawezi kuliacha." Ngo.

Bi Lehemu akampiga mkono kwa daftari. "Hilo ndilo tatizo lako tangu utotoni. Ukiona kijiko unaweka uji. Ukiona kimya unaweka violini."

"Na wewe ukiona mtu amefurahi unamzimia redio! Sasa huu ni wimbo huu? Sauti moja na shimo! Bora hata ile nyama."

"Wifi!" aliita Bi Lehemu. "Kidole!"

Wifi hakujibu.

"Ameondoka," alisema Kinanda. "Hata mke wangu ameona aibu. Ameenda zake jikoni."

"Wifi, we! Sema hata bado!"

Besi ikapiga hatua tatu, ikaacha pengo. Mkasi haukusikika, uzi haukusikika. Ukumbini ubao wa sakafu ulilia, ule uliolegea karibu na chumba cha mama, lakini ubao ule hulia hata kwa baridi, hakuna aliyeujali.

"Nitakwambia kitu," alisema Kinanda, na mkono wake ulishakuwa umenyanyuka tena juu ya meza, "na usinipige. Kama kidole kikicheza sasa, kimecheza kwa sababu ya kugonga kwangu. Nusu ya chumba ni yangu. Mimi upande wa dirisha, wewe ukae na..."

"Nusu ya chumba! Umegonga meza mara mbili, mara zote umechelewa, unataka nusu ya chumba? Fundi wa jeneza anagonga kuliko wewe na anashukuriwa. Sikiliza, bwana mdogo, siku utakayojua kuacha kitu kikae kitupu, siku hiyo ndiyo uje hapa kwenye dirisha langu uniambie..."

Pazia likasogea.

Mama alikuwa amesimama, mkono mmoja ukutani, shuka limemviringika kiunoni, na nyuma yake wifi ametandaza mikono miwili kama mtu anayefukuza kuku, mdomo wazi, hana sauti. Uso wa mama ulikuwa uleule wa dharau aliompa daktari. Hakumtazama mtu. Alitazama kiti cha mbao karibu na dirisha.

Besi ikatembea hatua tatu. Kinanda akaushusha mkono wake polepole, akauweka mfukoni.

Na mahali pale patupu, pa hatua ya nne, mguu wa kulia wa mama, bila kiatu, ukakanyaga sakafu.